Jinsi ya Kufuatilia Uamuzi wa Mkutano wa Afya wa Kimataifa, Kuanzia Rasimu Hadi Utekelezaji

Kila mwaka Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, chombo cha juu cha maamuzi cha Shirika la Afya Duniani (WHO), unapofungwa mjini Geneva mwishoni mwa Mei, huandikwa habari za aina mbili. Za kwanza hudai kwamba dunia imepitisha sheria mpya ambayo kila serikali italazimika kuitii. Za pili hudai kwamba wajumbe wamesafiri, wamelala hotelini na wamerudi na makaratasi. Waandishi wa aina zote mbili wamekosea mahali pamoja: wamesikiliza hotuba za siku ya mwisho bila kuusoma waraka wenyewe, wala hawakujiuliza ulipitia wapi kabla ya kufika ukumbini.

Kosa hilo lilijitokeza waziwazi wakati wa majadiliano ya Mkataba wa Kukabiliana na Majanga ya Magonjwa, uliopitishwa tarehe 20 Mei 2025. Ilienea kila mahali kwamba WHO ingepewa mamlaka ya kufunga mipaka na kulazimisha chanjo. Mkataba wenyewe, katika kifungu kinachohusu sekretarieti (yaani watendaji wa WHO wakiongozwa na Mkurugenzi Mkuu), unasema kinyume chake: hakuna neno lolote ndani yake litakaloipa sekretarieti ya WHO mamlaka ya kubadili au kuamuru sheria za nchi, kuzuia wasafiri, kulazimisha chanjo au kuwafungia watu majumbani. Ni aya moja, na kuisoma hakuchukui hata dakika mbili.

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari, mwanafunzi, mtumishi wa asasi ya kiraia au ofisa wa wizara anayetaka kujua uamuzi fulani una uzito gani, umemfunga nani, na utalipiwa na nani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Katiba ya WHO, hasa ibara ya 19 hadi ya 23. Ni kurasa chache, na ndizo zinazoamua nguvu ya kila kitu kinachopitishwa na Mkutano Mkuu.
- Namba ya waraka. Azimio la Mkutano Mkuu hutambulishwa kwa namba kama WHA58.3, yaani azimio la 3 la mkutano wa 58. Nyaraka za Bodi ya Utendaji huanza na herufi EB, na zile zinazowasilishwa mbele ya Mkutano Mkuu huanza na A.
- Ajenda ya muda ya mkutano unaoufuatilia.
- Waraka wa gharama unaoambatana na rasimu ya azimio. Wengi hawajui kwamba upo.
- Jedwali lenye safu sita: namba, aina ya waraka, anayeelekezwa, kitenzi, fedha, na tarehe ya ripoti.
- Uwezo wa kusoma mojawapo ya lugha sita rasmi, ambazo ni Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo, kwa hiyo unapofasiri uwe mwangalifu kupita kawaida. Hatua ya 5 inaeleza kwa nini.

Kuwa pia na subira. Kazi hii huhesabiwa kwa miezi.

## Hatua ya 1: Tambua ukumbi

Usidhani kwamba kila uamuzi wa afya hufanywa na mawaziri wa afya. Mwaka 2001 nchi zilipotaka uhakika kwamba kanuni za hataza (haki ya pekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) hazitazizuia kupata dawa nafuu, jibu lilitolewa Doha mwezi Novemba, katika mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani. Mwezi Juni mwaka huohuo kikao maalumu cha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuhusu UKIMWI kiliunga mkono kuanzishwa kwa mfuko wa kimataifa wa fedha, na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ukaanza kazi Januari 2002.

Ukumbi ndio unaoonyesha ni nani amekaa mezani. Matamko ya kisiasa yanayopitishwa Umoja wa Mataifa, New York, kuhusu kifua kikuu, magonjwa yasiyoambukiza au usugu wa vimelea kwa dawa hujadiliwa na wanadiplomasia walioko kwenye ofisi za uwakilishi za nchi zao, ambao huwajibika kwa wizara za mambo ya nje. Ukimtafuta waziri wa afya akueleze kwa nini sentensi fulani imeondolewa, huenda na yeye anaisikia kwako kwa mara ya kwanza.

Umeivuka hatua hii ukiweza kutaja ukumbi, chombo kilichopitisha uamuzi, na wizara iliyoiwakilisha nchi unayoifuatilia.

## Hatua ya 2: Tambua aina ya waraka

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tusiwe na haraka. Katiba ya WHO inaupa Mkutano Mkuu zana tatu, na kila moja ina namna yake ya kuifunga nchi.

Mkataba (ibara ya 19). Unahitaji theluthi mbili ya kura ili upitishwe, lakini kupitishwa hakumfungi mtu. Nchi hufungwa baada ya kuuridhia kwa utaratibu wa katiba yake. Mkataba wa udhibiti wa tumbaku ulipitishwa tarehe 21 Mei 2003 na ukaanza kutumika tarehe 27 Februari 2005, baada ya kupata idadi iliyotakiwa ya nchi 40. Marekani iliutia saini mwaka 2004 na haijawahi kuuridhia. Kwa hiyo anayeandika kwamba nchi fulani "imejiunga" kwa sababu tu waziri wake alipigwa picha akiwa na kalamu mkononi anawapotosha wasomaji.

Kanuni (ibara ya 21 na 22). Hapa mambo yamegeuzwa. Kanuni zikishapitishwa na nchi kuarifiwa, huzifunga nchi zote wanachama isipokuwa zile zilizotoa taarifa ndani ya muda uliowekwa kwamba zinazikataa au zinakubali kwa masharti. Ukimya huhesabiwa kuwa kukubali. Katiba imezibana kanuni hizi katika maeneo matano tu: hatua za kuzuia kuenea kwa magonjwa kati ya nchi, majina ya magonjwa na ya sababu za vifo, viwango vya uchunguzi wa maabara, viwango vya usalama wa dawa na bidhaa za kibiolojia, na matangazo na lebo za bidhaa hizo. Mfano mkubwa ni Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007. Marekebisho yake yaliyopitishwa tarehe 1 Juni 2024 yalianza kutumika tarehe 19 Septemba 2025, na kwa nchi nyingi dirisha la kuyakataa lilikuwa limefungwa miezi miwili kabla, tarehe 19 Julai. Aliyesubiri hadi Septemba ndipo aanzishe mjadala bungeni alikuwa amechelewa.

Mapendekezo (ibara ya 23). Maazimio mengi huingia hapa. Kisheria hayafungi, ila usiyadharau. Kanuni ya kimataifa ya uuzaji wa mbadala wa maziwa ya mama, iliyopitishwa mwaka 1981 kwa kura 118 dhidi ya 1, huku nchi 3 zikijizuia kupiga kura, ni pendekezo tu ingawa imeitwa kanuni. Hata hivyo nchi nyingi zimeyaingiza masharti yake katika sheria zao, na katika nchi hizo kampuni inayoyavunja hushtakiwa kwa sheria ya nchi.

Zaidi ya hizo tatu kuna tamko la kisiasa, ambalo huwa halina hata sekretarieti ya kulisimamia. Nguvu yake hutokana na namba iliyomo. Tamko la Septemba 2024 kuhusu usugu wa vimelea lilitaja lengo la kupunguza kwa asilimia 10 ifikapo 2030 vifo vinavyohusishwa na usugu wa bakteria, kutoka vifo milioni 4.95 kwa mwaka. Namba kama hiyo huipa asasi au mbunge kitu cha kuuliza. Tamko lisilo na namba wala tarehe halimpi mtu cha kuuliza.

Tahadhari: usiliamini jina. Mkataba, makubaliano, kanuni, mpango, mkakati na azimio ni majina ambayo wajumbe huyachagua kwa sababu za kisiasa. Tafuta ibara iliyotumika; kwa kawaida hutajwa katika aya za mwanzo za azimio linalopitisha waraka huo.

Umefanikiwa ukiweza kuandika sentensi moja inayosema ni nani anafungwa, tangu lini, na anawezaje kujitoa.

## Hatua ya 3: Anza Januari, usingoje Mei

Bodi ya Utendaji ya WHO ina wajumbe 34 wenye utaalamu wa afya, na kila mmoja huteuliwa na nchi iliyochaguliwa kwa kipindi cha miaka mitatu. Hufanya kikao chake kikubwa mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Hapo ndipo ajenda ya Mei hupangwa na rasimu nyingi za maazimio hupokelewa. Kabla ya hapo, kati ya Agosti na Oktoba, hukutana kamati za kanda sita za WHO, ambako nchi jirani hupatana juu ya msimamo wa pamoja.

Kati ya Januari na Mei rasimu huzunguka katika mikutano isiyo rasmi, ambako nchi iliyoidhamini huongoza mazungumzo. Mara nyingi hutumika utaratibu wa kimya: maandishi yanasambazwa na saa ya mwisho inatajwa, asipotokea mtu wa kupinga kabla ya saa hiyo, yanahesabiwa kuwa yamekubaliwa. Nimeona watu wakiandaa barua nzuri sana za kushawishi wajumbe na kuzituma wiki ya pili ya Mei, wakati rasimu husika ilikwisha kufungwa Machi. Barua hizo hujibiwa kwa adabu.

Ukitaka kusikika, mlango mpana zaidi ni ujumbe wa nchi yako kabla ya kikao cha Januari. Asasi zenye uhusiano rasmi na WHO huruhusiwa kutoa kauli ukumbini, lakini kauli hizo ni za dakika chache na hutolewa baada ya nchi kuzungumza.

## Hatua ya 4: Linganisha rasimu na rasimu

Weka rasimu ya kwanza na ya mwisho bega kwa bega. Maandishi yaliyo ndani ya mabano ya mraba hayajakubaliwa. Katika majadiliano ya mkataba wa majanga ya magonjwa zilitumika pia rangi: kijani kwa yaliyokubaliwa kikamilifu, na njano kwa yaliyokaribia. Kumbuka sharti ambalo wajumbe hulirudia kama wimbo, kwamba hakuna lililokubaliwa mpaka yote yakubaliwe. Kijani cha Machi kinaweza kufunguliwa upya Mei.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni azimio WHA72.8 la mwaka 2019 kuhusu uwazi wa masoko ya dawa, lililopendekezwa na Italia. Mwanzoni lilitaka uwazi wa bei halisi zinazolipwa na pia wa gharama za utafiti. Katika maandishi ya mwisho, suala la bei lilibaki na nguvu yake kwa kiasi, lakini la gharama za utafiti lililegezwa sana na kuachiwa kwa kiasi kikubwa hiari ya wenye taarifa. Aliyesoma kichwa cha azimio pekee aliona ushindi mtupu. Aliyelinganisha rasimu aliona pia kilichotolewa ili ushindi huo upatikane.

Alama ya kufanikiwa hapa ni orodha fupi ya maneno yaliyoondolewa. Mara nyingi inaeleza zaidi kuliko yaliyobaki.

## Hatua ya 5: Soma vitenzi, na umtazame anayeelekezwa

Azimio lina sehemu mbili. Dibaji hukumbusha, hutambua na husikitika, haimwagizi mtu. Aya zenye namba ndizo za utendaji, na kila moja ina mlengwa: nchi wanachama, wadau, au Mkurugenzi Mkuu. Chora mstari chini ya kila kitenzi na uandike jina la mlengwa pembeni.

Utagundua kwamba nchi huhimizwa au hualikwa, ilhali Mkurugenzi Mkuu huombwa kufanya jambo mahususi ndani ya muda uliotajwa. Mantiki yake ni rahisi: nchi hazipendi kujiagiza, na Mkurugenzi Mkuu ni mtumishi wao. Ndiyo maana katika tafsiri ya Kiswahili neno "zinatakiwa" ni hatari. Maandishi ya asili yakiwa na maana ya kuhimiza, andika "zinahimizwa". "Zitafanya" na "ni lazima" yabaki kwa mikataba na kanuni, tena pale tu yalipoandikwa hivyo.

Kisha tafuta vifungu vya kukwepea. Vinavyojulikana ni "kwa kadiri inavyofaa", "kwa kuzingatia mazingira ya kitaifa" na "kulingana na rasilimali zilizopo". Katika mkataba wa mwaka 2025, mvutano mkali kuhusu uhamishaji wa teknolojia ulimalizikia kwenye maneno yenye maana ya "kama itakavyokubaliwa na pande zote", na tanbihi ikaongezwa kufafanua kwamba hayo ni makubaliano yanayofanywa kwa hiari. Usiku kucha wa majadiliano ulikwenda kwenye maneno hayo machache. Linganisha na kifungu cha mkataba huohuo kuhusu mfumo wa upatikanaji wa vimelea na mgawanyo wa faida, ambacho kinalenga watengenezaji wanaoshiriki katika mfumo huo waipatie WHO asilimia 20 ya uzalishaji wao wa chanjo, dawa na vipimo wakati wa dharura ya janga, na angalau nusu ya kiasi hicho iwe msaada usiolipiwa. Kifungu chenye asilimia hupimika, na hicho ndicho cha kukifuatilia.

## Hatua ya 6: Tafuta fedha

Kila rasimu ya azimio la WHO huambatana na waraka unaokadiria gharama za sekretarieti na kueleza kama fedha hizo zimo katika bajeti au la. Ufungue, nenda moja kwa moja kwenye pengo, na uliandike katika jedwali lako. Azimio lililopitishwa kwa shangwe huku pengo lake halina mwenye kulijaza huwa na miaka migumu mbele yake.

Ni lazima pia ujue tofauti ya fedha. Michango ya lazima hulipwa na kila nchi kwa fomula maalumu, na shirika huitumia kwa mujibu wa bajeti iliyopitishwa. Michango ya hiari mara nyingi hufungwa kwa jambo analolitaka mtoaji. Kwa miaka mingi michango ya hiari imekuwa sehemu kubwa zaidi, jambo linalomaanisha kwamba kipaumbele kilichopigiwa makofi Geneva kinaweza kukosa mfadhili, na kingine ambacho hakikujadiliwa sana kikapata fedha tele. Mwaka 2022 nchi ziliazimia kuiongeza michango ya lazima hadi ifikie nusu ya bajeti ya msingi ifikapo kipindi cha 2030–2031. Mei 2025 ziliidhinisha nyongeza ya asilimia 20 ya michango hiyo, pamoja na bajeti ya dola bilioni 4.2 za Marekani kwa miaka ya 2026–2027. Pendekezo la awali lilikuwa bilioni 5.3.

Ukitaka kuujua mwelekeo wa sera, soma mistari iliyokatwa kati ya takwimu hizo mbili kabla ya kusoma hotuba yoyote.

## Hatua ya 7: Siku za mkutano wenyewe

Hii ni fupi, kwa sababu mengi yameshaamuliwa. Kamati A hushughulikia programu za afya, na Kamati B utawala, fedha na sheria. Vikao vya wazi hurushwa mubashara. Maamuzi mengi hupita kwa maafikiano, kwa hiyo kura ikipigwa, simama na uitazame.

Mkataba wa mwaka 2025 ulipigiwa kura katika Kamati A tarehe 19 Mei: 124 waliunga mkono, hakuna aliyepinga, na 11 walijizuia. Kesho yake ulipitishwa na kikao cha wote kwa maafikiano. Anayeripoti tarehe 20 peke yake huikosa habari ya wale 11. Sikiliza pia kauli za kujitenga, ambapo nchi haizuii azimio lakini inatangaza kwamba haijiungi nalo. Ndivyo zilivyofanya Uingereza, Ujerumani na Hungaria kwa azimio la uwazi wa bei za dawa.

## Hatua ya 8: Fuatilia baada ya makofi

Kwa mkataba wa ibara ya 19, katiba ya WHO (ibara ya 20) inaitaka kila nchi ichukue hatua kuhusu kuukubali ndani ya miezi 18, na ikiwa haikuukubali, itoe sababu. Kifungu hiki hakijulikani sana, ingawa ni swali lililo tayari kwa mbunge yeyote.

Angalia kama kuna jambo lililoachwa kiporo. Mkataba wa mwaka 2025 ulipopitishwa haukufunguliwa papo hapo kutiwa saini, kwa sababu kiambatisho kuhusu upatikanaji wa vimelea na mgawanyo wa faida kiliachwa kijadiliwe baadaye na kupitishwa kwanza. Baada ya hapo unahitaji nchi 60 kuuridhia ndipo uanze kutumika. Kwa hiyo kati ya "umepitishwa" na "unatumika" kuna milango mitatu: kiambatisho, saini na kuridhia. Ipe kila mmoja mstari wake.

Kwa Kanuni za Afya za Kimataifa, kila nchi hujitathmini na kutoa ripoti kila mwaka, na kuna tathmini ya nje ya hiari inayofanywa na wataalamu pamoja na wenyeji. Linganisha alama za tathmini hizo mbili. Zikiachana sana, una swali la kupeleka wizarani.

Kwa azimio la kawaida, aya ya mwisho humwomba Mkurugenzi Mkuu kuripoti katika miaka iliyotajwa. Ingiza miaka hiyo katika safu ya sita ya jedwali lako, na kila Januari ifikapo itafute katika ajenda ya Bodi ya Utendaji. Usiufute mstari kwa sababu tarehe ya lengo imepita. Azimio WHA41.28 la mwaka 1988 lilitaka polio iwe imetokomezwa ifikapo mwaka 2000. Robo karne baada ya tarehe hiyo polio ilikuwa bado katika ajenda, na kila ripoti mpya ilieleza ni virusi gani vilivyobaki, viko wapi, na ni fedha kiasi gani zinazopungua.